Zima Skrini, Kisha Fungua Tovuti Yako

Swali hili hunifikia kila mwezi, kila mara limevaa nguo tofauti. Mwalimu mkuu anaandika kwamba ameambiwa tovuti ya shule iwafae na wanafunzi wasioona, sasa hiyo programu inauzwa wapi? Mwenye nyumba ya wageni Zanzibar anaandika kwa sababu wakala wake wa Ulaya amemtumia fomu ya maswali asiyoyaelewa. Fundi kijana wa tovuti anaandika kwa sababu mteja amembana. Ukizivua nguo, barua zote zinauliza mambo mawili: tuanzie wapi, na itatugharimu kiasi gani?

Jibu langu halibadiliki. Anza leo mchana, na sehemu kubwa ya kazi haitakula kitu zaidi ya muda wako. Ila usianze kwa kununua. Anza kwa kusikiliza.

Mimi nilianza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga tovuti ya chuo kimoja cha ufundi, nikajisifia sana: picha kubwa zinazoteleza, menyu inayojikunja na kujikunjua. Siku moja akaja ofisini kijana asiyeona, ameongozana na dada yake, anataka kujaza fomu ya kujiunga. Akaweka simu mezani ili na mimi nisikie. Simu ikaanza kusoma Kiswahili changu kwa ulimi wa Kizungu. "Jina lake" likawa "jina leik". "Watu wote" wakawa "watu wout". Ilipofika kwenye fomu haikutaja jina wala tarehe ya kuzaliwa. Ilitangaza tu kisanduku, kisanduku, kisanduku, kisanduku, kitufe. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, hiki cha tatu ni cha kuandika nini?" Ikabidi niiname nitazame skrini ndipo nimjibu. Fomu niliyoijenga kwa mikono yangu!

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja kwenye msimbo na lebo nne zilizokosekana. Nilirekebisha kabla wageni wangu hawajamaliza soda.

Dakika kumi za kusikiliza

Huhitaji kuwa fundi. Chombo unacho tayari mfukoni: kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini.

- Simu za Android zina TalkBack, iko kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu.
- iPhone ina VoiceOver, nayo iko sehemu hiyohiyo ya ufikivu.
- Kwenye kompyuta ya Windows pakua NVDA. Ni bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona aliyechoshwa na bei za programu za aina hiyo.

Onyo kabla hujagusa chochote: jifunze kwanza namna ya kuizima. Kisoma skrini kikiwaka, simu hubadilika tabia. Kugusa mara moja kunachagua tu; lazima uguse mara mbili ndipo kitu kifunguke. Nimeshapigiwa simu usiku na mtu aliyedhani simu yake imeingiwa na jini. Kwenye Android, washa njia ya mkato ya kubonyeza na kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, ijaribu mara mbili tatu, ndipo uendelee.

Sasa chagua kazi moja tu, ile inayowaleta watu kwenye tovuti yako. Kwa shule ni fomu ya kujiunga. Kwa nyumba ya wageni ni bei ya chumba na kuweka nafasi. Kwa duka ni kununua mpaka mwisho. Fumba macho, telezesha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, uifanye kazi hiyo. Kila unapokwama, fungua macho, andika umekwamia wapi, kisha endelea. Karatasi hiyo ndiyo mpango wako wa kazi. Mapendekezo ya kurasa arobaini ya mshauri yakishafungwa huwa hayafunguliwi tena. Karatasi yako ya mkono utaifanyia kazi.

"Lakini mimi sina mteja asiyeona"

Hili huniambia watu wema kabisa. Umejuaje? Aliyeshindwa kuingia dukani haachi risiti. Alifungua ukurasa, akasikia kisanduku-kisanduku-kitufe, akaenda kwa jirani yako.

Tena usimfikirie asiyeona peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa wa aina moja au nyingine. Kati yao yumo mtu mwenye ualbino ambaye uoni wake ni hafifu na mwanga mkali unamuumiza. Yumo kiziwi ambaye video yako ya maelezo kwake ni watu wanaochezesha midomo. Yumo mwenye mkono unaotetemeka asiyeweza kulenga kitufe kidogo. Yumo mama yako, ambaye huwa anakupa simu umsomee.

Makosa ni yaleyale sita

WebAIM, taasisi iliyoko Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, tangu mwaka 2019 hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2024 asilimia 95.9 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa ambayo hata mashine inayaona. Kinachonipa moyo ni kwamba makosa hayo karibu yote ni ya aina sita, na aina hizo hazibadiliki mwaka hata mwaka:

- maandishi yaliyofifia;
- picha zisizo na maelezo;
- visanduku vya fomu visivyo na lebo;
- viungo vitupu;
- vitufe vitupu;
- ukurasa usiotaja lugha yake.

Ukiyamaliza haya sita umewapita wengi, wakiwamo wenye fedha. Sitayapanga kwa mpangilio huo wala kuyapa nafasi sawa, maana kwetu uzito wake haulingani.

Lugha: neno moja linaloharibu kila kitu

Kwa tovuti ya Kiswahili hili ndilo la kwanza, na ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Violezo vingi vya tovuti vimetengenezwa na watu wa Kiingereza. Juu kabisa ya msimbo wake pameandikwa lang="en". Sisi tunabadilisha picha, tunabadilisha rangi, tunajaza Kiswahili chetu, na neno lile linabaki. Kisoma skrini kinalitii.

Matokeo yake si lafudhi mbaya tu. Kiswahili kina maneno mengi ambayo kwa herufi ni maneno ya Kiingereza kamili: pale, wale, wake, mate, tone. Msikilizaji anapata sentensi iliyopasuliwa vipande, nusu Kiswahili nusu uchawi.

Tiba:

1. Badilisha lang="en" iwe lang="sw". Basi.
2. Kama unatumia WordPress, tazama lugha ya tovuti kwenye mipangilio ya jumla. Kiswahili kisipokuwamo kwenye orodha, fundi aibadilishe ndani ya kiolezo.
3. Kama kuna aya ya Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili, aya hiyo peke yake ipewe lang="en".

Mtu mmoja alinibishia: je, kama simu ya msomaji haina sauti ya Kiswahili? Basi itatumia sauti iliyonayo, na hajapoteza kitu. Na sauti zipo. Ile inayokuja na NVDA, iitwayo eSpeak NG, inajua Kiswahili. Ni sauti ya bati, sikatai, lakini "wake" inalisoma "wake".

Ukiwa hapohapo, safisha na uandishi wetu wa mazoea. "25,000/=" ule mkia wake husomwa mkwaju na alama ya sawasawa; andika "Shilingi 25,000". "05/04/2025" hakuna ajuaye ni Aprili au Mei. Andika "5 Aprili 2025". "Saa 2:00" ni ya asubuhi au ya usiku, au ni ile ya Kizungu? Sema. Haya yatamsaidia hata mwenye macho mawili mazima.

Fomu, mahali watu wanapokatia tamaa

Kila kisanduku kiwe na lebo ya kudumu iliyoandikwa juu yake na kuunganishwa nacho kwenye msimbo. Ukigusa neno "Jina la baba" na kiteuzi kikaruka ndani ya kisanduku, lebo imeunganishwa. Kisiporuka, ni pambo tu.

Makosa ninayoyaona kila wiki:

- Maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku badala ya lebo. Unapoanza kuandika yanatoweka. Mwenye kusahau haraka anajikuta ameandika na hajui alikuwa anajibu nini.
- "Sehemu zenye rangi nyekundu ni za lazima." Nyekundu ni ipi kwa asiyeona, au kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani? Andika neno "lazima".
- "Kuna kosa kwenye fomu." Lipi? Sema: "Namba ya simu uliyoandika ina tarakimu 9, zinatakiwa 10." Weka maneno hayo jirani na kisanduku chenyewe, na usifute alichokwisha kujaza.
- Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) iliyokatwa vipande. Ina tarakimu 20, na wapo mafundi wanaotengeneza visanduku vinne ambavyo kiteuzi kinaruka chenyewe kutoka kimoja hadi kingine. Anayesikiliza anapotea njiani. Anayetaka kubandika namba aliyoinakili hawezi. Kisanduku kimoja kinatosha.
- Muda kuisha. Kuna mtu anaandika kwa kidole kimoja, mwingine kwa kijiti mdomoni. Ukiweka kikomo kwa sababu za usalama, toa onyo mapema na kitufe cha kuongeza muda.
- Kapcha za "chagua picha zenye taa za barabarani". Kwa asiyeona ni mlango uliofungwa, na ile ya sauti inamfungia kiziwi. Kwa fomu ndogo, weka kisanduku cha mtego kilichofichwa: mtu hakioni, roboti inakijaza, unaikamata. Hakikisha umekificha na kwa kisoma skrini pia, la sivyo utawanasa haohao uliotaka kuwasaidia. Mimi yalishanikuta.

Picha, na janga la tangazo lililopigwa skani

Kila picha inayobeba ujumbe iwe na maandishi mbadala, sentensi fupi inayosema kile ambacho picha inamwambia mtu anayeiona. Jipime hivi: ungekuwa unamsomea mwenzako ukurasa huu kwa simu, ungesema nini ukifika kwenye picha hii? Hicho ndicho cha kuandika.

Usianze na "picha ya"; kisoma skrini kimeshasema ni picha. Usiache jina la faili, maana "IMG underscore 2047" ikisomwa tarakimu moja moja inaudhi. Kama ni ua la pembeni au mstari wa urembo, acha maelezo yakiwa matupu, alt="", ili irukwe kimyakimya. Na kama picha ni kiungo, eleza inakompeleka mtu: nembo iliyoko juu haihitaji kuelezwa simba wala ngao zake, andika "Mwanzo".

Sasa janga. Unalijua. Tangazo la nafasi za kazi limechapwa kwenye kompyuta, likachapishwa kwenye karatasi, likasainiwa, likagongwa muhuri, likapigwa skani limepinda kidogo, kisha likapandishwa kwenye tovuti kama faili la PDF. Kwa macho ni barua. Kwa kisoma skrini ni picha ya karatasi, kimya kuanzia juu hadi chini. Maneno yalikuwamo kwenye kompyuta tangu mwanzo. Tumefanya kazi ya ziada kuyatoa.

Najua hoja, muhuri ndio uthibitisho. Sawa, baki na muhuri wako. Lakini weka maneno yote ya tangazo kwenye ukurasa wenyewe kama maandishi ya kawaida, kisha chini yake weka kiungo: "Pakua nakala iliyosainiwa, PDF, MB 2". Ukurasa wa maandishi utafunguka hata kwa mwenye bando la mwisho wa mwezi, na mitambo ya kutafuta itauona. Sijawahi kukutana na mwenye tovuti aliyefanya hivi akajuta. Vivyo hivyo mabango ya matukio: tarehe, mahali na kiingilio viandikwe, visiishie kwenye picha.

Rangi na ukubwa wa herufi

Wabunifu wanapenda kijivu. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kina uwiano wa mwanga, kati ya herufi na kilichoko nyuma yake, wa 2.85 kwa 1, na kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Kijivu cha #767676 kinavuka kwa tundu la sindano, 4.54. Herufi kubwa zinaruhusiwa 3 kwa 1. Vipimo vya kukokotoa uwiano huu viko bure mtandaoni. Unabandika rangi mbili, unapewa jibu.

Kipimo changu cha pili hakina hesabu. Toka nje saa saba mchana, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, soma tovuti yako ukiwa umesimama juani. Unachokiona pale ndicho anachokiona mwenye uoni hafifu akiwa ndani.

Halafu jaribu kukuza ukurasa kwa vidole viwili. Umegoma? Mwambie fundi atafute user-scalable=no kwenye msimbo aifute. Kuna aliyeiweka ili muundo wake usiharibike, na kwa hilo amemnyima mwenye ualbino njia yake ya kusoma. Ukikuza mara mbili, maandishi yajipange upya; yasimlazimishe mtu kusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari.

"Bofya hapa" na vitufe bubu

Watumiaji wa visoma skrini hawasomi ukurasa neno kwa neno, kama wewe usivyosoma. Wanaruka. Kwenye NVDA herufi H inampeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe. Anaweza pia kuita orodha ya viungo vyote. Fikiria anapata: bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, soma zaidi, hapa, hapa. Andika kiungo kinachojieleza: "Ada za mwaka 2026", "Ratiba ya boti ya Unguja na Pemba".

Kwa sababu hiyohiyo vichwa vya habari viwe vichwa kweli, vilivyowekwa kwa mitindo ya vichwa, visiwe maandishi yaliyonenepeshwa tu. Na vile vitufe vya alama peke yake (mistari mitatu ya menyu, kioo cha kutafutia, simu ya kijani ya WhatsApp) vipewe majina yasiyoonekana: "Fungua menyu", "Tafuta", "Tuandikie WhatsApp". Kitufe kiwe kitufe kwenye msimbo, si kisanduku kilichopakwa rangi.

Weka kipanya pembeni

Wapo watu wasioweza kushika kipanya kabisa. Fanya kazi ileile uliyoichagua kwa kibodi tupu: Tab kwenda mbele, Shift na Tab kurudi, Enter kufungua, Esc kufunga.

- Unaona uko wapi? Lazima pawe na mstari unaozunguka kitu ulichofikia. Mafundi huufuta kwa outline:none kwa madai kwamba unachukiza. Urudishwe.
- Dirisha la "Karibu, jiunge na jarida letu" likijitokeza, unaweza kulifunga kwa kibodi? Au umenaswa humo?
- Lazima upite viungo thelathini vya menyu kwenye kila ukurasa? Weka kiungo cha kwanza kabisa: "Ruka hadi maudhui".

Vitufe vya kugusa visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi huweka 44. Mwenye mkono unaotetemeka atakushukuru, na abiria aliyesimama ndani ya daladala naye.

Video na sauti

Weka manukuu. Manukuu yanayotengenezwa na mashine yapitiwe na mtu, hasa majina ya watu na ya mahali. Kwa sauti tupu, kama kipindi au hotuba, weka maandishi yake kamili.

Wengi hudhani kiziwi akipewa maandishi amemaliza shida. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Kwa hiyo andika sentensi fupi, na kwa jambo zito, kama afya, sheria au uchaguzi, weka mkalimani. Dirisha lake lisiwe na ukubwa wa stempu. Mikono na uso vionekane. Na usichukue video ya mkalimani wa Kenya ukaibandika Tanzania: Lugha ya Alama ya Kenya na ya Tanzania ni lugha mbili.

Muziki unaojipiga wenyewe ukurasa unapofunguka uondoe. Unaifunika sauti ya kisoma skrini, na mtu hawezi hata kusikia kitufe cha kuuzima kiko wapi. Chochote kinachomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde nacho kiondoke. Kinaweza kumwangusha mwenye kifafa.

Kitufe cha miujiza

Hapa ndipo fedha zinapopotea. Utauziwa programu ya kubandika pembeni mwa tovuti, yenye alama ya kiti cha magurudumu, inayoahidi kurekebisha kila kitu kwa mstari mmoja wa msimbo na malipo ya kila mwezi. Danganya toto. Haiwezi kujua picha yako inasema nini wala kisanduku cha tatu ni cha nini, na mara nyingine hugombana na kisoma skrini ambacho mtu tayari anacho. Mwaka 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, iliitoza kampuni moja ya bidhaa za namna hii dola milioni 1 kwa kudai kwamba programu yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango.

Fedha hizo mlipe fundi kwa kazi ya saa nane.

Sheria, kwa ufupi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unataja intaneti waziwazi kwenye ibara ya 9. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuifikia habari, na Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa mwenye nyumba ya wageni: tangu 28 Juni 2025 Umoja wa Ulaya una sheria inayogusa biashara ya mtandaoni kwa wateja wake. Watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato madogo, wamesamehewa, ila wakala wako huenda si mdogo, ndiyo maana amekutumia fomu.

Asiyeamini kwamba mtu mmoja anaweza kushitaki na kushinda amuulize Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona. Waandaaji wa Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 walimwambia marekebisho ya tovuti yao ni ghali mno. Wakaishia kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia.

Kupima: mashine kwanza, kisha watu

Programu za kupima tovuti, WAVE na Lighthouse, ni bure na zinafaa kuanzia. Lakini zinajua tu kwamba picha ina maelezo. Hazijui kwamba maelezo yenyewe ni ya uongo. Nimeona tovuti yenye alama 100 ambayo mtu hawezi kununua kitu kwa kibodi.

Baada ya mashine, tafuta watu. Tanzania kuna Chama cha Wasioona (TLB), CHAVITA kwa viziwi, na shirikisho lao SHIVYAWATA. Kenya kuna Kenya Union of the Blind. Omba watu wawili au watatu, mpe kila mmoja kazi moja, kisha keti kimya. Kukaa kimya ni kugumu kuliko unavyodhani. Ulimi utawasha kusema "bonyeza hapo juu". Usiseme. Na uwalipe ujira wa kazi. Nauli na soda si ujira.

Gharama na mkataba

Tovuti mpya ikijengwa vizuri tangu siku ya kwanza, haiongezi gharama ya maana. Inayouma ni kubomoa. Basi weka haya kwenye mkataba kabla ya kulipa malipo ya awali:

1. Tovuti itimize WCAG 2.2, kiwango cha AA. Hii ni miongozo ya ufikivu ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliyotolewa Oktoba 2023, na fundi anayestahili kazi yako anaijua au ataisoma.
2. Itajaribiwa kwa kibodi na kisoma skrini mbele yako.
3. Awamu ya mwisho ya malipo ni baada ya jaribio hilo.
4. Watakaopandisha habari wafundishwe maandishi mbadala na vichwa. Tovuti nzuri huharibiwa ndani ya miezi mitatu na mwenye zamu ya kubandika matangazo.

Kwa tovuti ya zamani usijaribu kurekebisha kila kitu. Rekebisha lugha leo. Wiki hii fomu moja na ukurasa wa bei. Wiki ijayo rangi na vitufe. Habari za miaka mitano nyuma ziache zilale, anayezitaka ataomba.

Mlango wa malalamiko

Mwisho, weka chini ya kila ukurasa sentensi moja: "Ukipata shida kutumia tovuti hii, tuambie," ikifuatwa na njia zisizopungua mbili. Namba ya kupiga tu haimfai kiziwi, kwa hiyo iwepo na ya ujumbe mfupi au WhatsApp, na barua pepe inayosomwa na mtu mwenye jina na wajibu. Akiandika mtu, mjibu siku hiyohiyo hata kama hujapata dawa, na mpe kwanza alichokuwa anakitafuta: mtumie hiyo bei, mjazie hiyo fomu kwa simu, ndipo ukae na fundi.

Na namba yenyewe iandikwe kwa tarakimu. Isiwe ndani ya picha.